Jina Ndani ya Wimbo: Björn Ulvaeus, Mtunzi na Mtetezi wa Watunzi

Malenga wa Kiswahili ana desturi kongwe: afikapo tamati, hulitia jina lake ndani ya shairi. Pengine hujitaja kwa lakabu, pengine huongeza na mji wake, na wengi waliotungia magazeti katika karne ya 20 walimalizia kwa namba ya sanduku la posta. Asiyejua hudhani kwamba hayo ni majivuno. Kumbe ni hati ya umiliki iliyofumwa kwa vina na mizani, ili shairi likisafiri kinywa kwa kinywa na kughaniwa na watu wasiomjua mwenyewe, lisifike ugenini likiwa yatima. Atakayeliondoa jina hana budi kuuvunja ubeti, na ubeti ukivunjika huonekana.

Wimbo wa kisasa haukujaliwa ubeti wa namna hiyo. Ukipigwa redioni hutajwa mwimbaji. Ukisikilizwa katika simu huonekana picha ya mwimbaji. Na ukichezwa harusini hapatajwi mtu yeyote. Mtunzi, ambaye pasipo yeye lisingekuwako la kuimba wala la kucheza, hubaki nyuma ya pazia, na mara nyingi malipo yake nayo hubaki hukohuko. Miongoni mwa watunzi walioufanya upungufu huu kuwa vita vya uzee wao ni Björn Ulvaeus wa Uswidi, mmoja wa wanne waliounda kundi la ABBA, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa rais wa CISAC, shirikisho la kimataifa la jumuiya za watunzi. Wapo wanaozitazama kazi zake mbili, ya kutunga na ya kutetea, kama sura mbili zisizohusiana: ya kwanza ya ujana na furaha, ya pili ya uzee na mikutano. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi hizo ni moja. Nguvu ya utetezi wake imetoka katika namna alivyotunga, na udhaifu wa utetezi huo nao umetoka palepale.

Kutoka Västervik hadi Brighton

Ulvaeus alizaliwa katika mji wa Gothenburg tarehe 25 Aprili 1945, akakulia Västervik, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uswidi. Alianza muziki na Hootenanny Singers, kundi la vijana walioimba nyimbo za kienyeji kwa magitaa, ambalo mapema katika miaka ya 1960 lilichukuliwa na kampuni ya rekodi ya Polar ya Stig Anderson. Mwaka 1966 alikutana na Benny Andersson, mpiga kinanda wa kundi jingine lililovuma wakati huo, Hep Stars, na mwaka huohuo wakatunga wimbo wao wa kwanza pamoja. Ushirika huo haujavunjika hadi leo, jambo ambalo ni nadra katika historia ya muziki.

Waimbaji Agnetha Fältskog na Anni-Frid Lyngstad walipoungana nao, likazaliwa kundi la ABBA, na tarehe 6 Aprili 1974, mjini Brighton, Uingereza, kundi hilo likashinda mashindano ya Eurovision kwa wimbo wa Waterloo. Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa urefu. Inatosha kukumbuka kwamba nyumbani kwao ushindi huo haukupokewa na watu wote kwa vifijo. Uswidi ya miaka hiyo ilikuwa na vuguvugu la wanamuziki wa mrengo wa kushoto walioona kwamba ABBA wameugeuza muziki kuwa bidhaa ya dukani. Na mashindano ya mwaka 1975 yalipofanyika Stockholm, wapinzani hao waliandaa tamasha lao mbadala. Lawama hiyo inafaa kuwekwa akilini, kwa sababu mtu aliyelaumiwa kwa kuupenda mno mkono wa biashara ndiye aliyekuja kusimama, miongo kadhaa baadaye, kuuliza mkono huo unagawa vipi.

Maneno katika lugha ya kuazima

Katika ushairi wa Kiswahili aghalabu maneno na mizani hutangulia, na mahadhi huja baadaye. Andersson na Ulvaeus walikwenda kinyume. Walikaa na kinanda na gitaa, siku nenda siku rudi, wakiimba maneno ya kubabaisha yasiyo na maana ili kushika nafasi tu, hadi lahani ikamee. Lahani ikishatimia, ndipo Ulvaeus alipokwenda kuitafutia maneno. Kwa hiyo alipoanza kuandika, kila silabi ilikuwa imeshakatiwa kiti chake, na kila irabu ndefu ilikuwa imeshachaguliwa na koo la mwimbaji kabla ya kuchaguliwa na kalamu. Zaidi ya hayo, maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, lugha asiyozaliwa nayo.

Athari za hali hiyo zinaonekana wazi katika kazi za mwanzo, ambazo nyingi maneno yake yalitungwa kwa kushirikiana na Stig Anderson. Takriri imetawala. Majina ya nyimbo kama Ring Ring, Honey, Honey na Money, Money, Money yanaonesha namna neno moja lilivyorudiwa ili kuijaza lahani iliyokuwa kubwa kuliko msamiati. Mhakiki mkali hatakosea akisema kwamba baadhi ya mishororo ya miaka hiyo ni ya kujazia mizani, na kwamba mahali pengine Kiingereza chake kinachechemea. Lakini mhakiki mwadilifu ataongeza kwamba takriri hiyo ndiyo iliyowawezesha watu wa lugha nyingine, wasiojua Kiingereza, kuzishika nyimbo hizo kwa usikizi mmoja. Mgeni alimwandikia mgeni mwenzake.

Kukomaa kulikuja mwishoni mwa muongo. Kuanzia albamu ya Voulez-Vous ya mwaka 1979, Anderson hayumo tena katika utunzi, na Ulvaeus anasimama peke yake na maneno. Wimbo wa The Winner Takes It All wa mwaka 1980 ndio kilele cha kipindi hiki. Ndoa yake na Fältskog ilikuwa imevunjika, na wimbo unazungumzia kuachana. Lakini mtunzi, ambaye ni mwanamume, ameyaweka maneno katika kinywa cha mwanamke aliyeshindwa, na aliyeyaimba ni huyohuyo aliyekuwa mkewe. Ulvaeus amesisitiza mara nyingi kwamba kisa chenyewe ni cha kubuni ingawa uchungu ni wa kweli. Kifani, wimbo mzima umejengwa juu ya sitiari moja ya mchezo wa kamari na karata, na sitiari hiyo inafika hadi kwa hakimu na kwa miungu pasipo kukatika. Hapa takriri ya zamani imepata kazi mpya: kila ubeti unarudi kwenye hukumu ileile, na kila mara hukumu inakuwa nzito zaidi kwa sababu aliyehukumiwa anaitamka mwenyewe kwa adabu.

Wimbo wa The Day Before You Came wa mwaka 1982 unakwenda mbali zaidi. Mwanamke anaieleza siku ya kawaida kabisa: treni, ofisi, chakula cha jioni, televisheni, kitabu kitandani, mvua. Hakuna kiitikio. Hakuna tukio. Wala msimulizi hana hakika na kumbukumbu zake. Anakisia tu kwamba lazima aliyafanya hayo, kwa kuwa ndivyo alivyofanya kila siku. Msikilizaji anabaki akijiuliza aliyekuja kesho yake alileta furaha au maangamizi. Mtunzi aliyetuhumiwa kwa wepesi alikuwa ameandika wimbo unaobebwa na orodha ya mambo madogo na ukimya uliopo kati yake.

Baada ya ABBA kunyamaza, alishirikiana na Andersson na Mwingereza Tim Rice katika Chess, iliyotoka kama albamu mwaka 1984 na kupanda jukwaani London mwaka 1986. Kisha, mwaka 1995, ikaja Kristina från Duvemåla, tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya za Vilhelm Moberg kuhusu wakulima maskini wa Småland waliohamia Marekani katika karne ya 19. Safari hii Ulvaeus aliandika kwa Kiswidi. Ni kazi ndefu, yenye mawe ya shambani, mashua, dhiki na dua, na wapo Waswidi wanaoiweka juu ya nyimbo zote za ABBA. Ulimwengu uliozijua nyimbo zake za Kiingereza kwa moyo umeisikia kazi hii kwa uchache. Hilo ni fundisho chungu kwa kila mtunzi wa lugha isiyo na soko kubwa: kilicho bora si lazima kiwe kinacholipa.

Kinacholipa ni Mamma Mia!, iliyofunguliwa London tarehe 6 Aprili 1999, miaka 25 kamili tangu ushindi wa Brighton. Hadithi iliandikwa na Catherine Johnson, lakini nyimbo ni zilezile za zamani. Hapo Ulvaeus alithibitisha kwa hesabu za mfuko wake jambo ambalo watunzi wengi hulisikia kwa jina tu: wimbo ni mali isiyozeeka, ambayo inaweza kulala na kuamka tena ikiwa na thamani kubwa kuliko ilipozaliwa, mradi tu ijulikane ni ya nani.

Senti zinakwenda wapi?

Mtu aliyezoea kupima silabi moja moja ndiye aliyekuja kuuliza senti moja moja inaishia wapi. Ili hoja yake ieleweke, sharti kwanza zitenganishwe haki mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ipo haki ya wimbo, yaani maneno na lahani, ambayo ni ya mtunzi. Na ipo haki ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio, ambayo mara nyingi ni ya kampuni. Kampuni ya Polar, pamoja na rekodi za ABBA, iliuzwa kwa PolyGram mwaka 1989. Rekodi zilibadili mwenyewe. Utunzi ulibaki kuwa wa waliotunga.

Nguvu ya haki hiyo ilikwishaonekana mapema. Mwezi Januari 1979, katika tamasha lililofanyika katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York, ABBA waliimba Chiquitita na kuahidi nusu ya mapato yake kwa UNICEF, na kwa miongo mingi wimbo huo umeendelea kuwaingizia watoto fedha. Mtu hawezi kutoa sadaka asichokimiliki. Vilevile, mwaka 2005, Madonna alipotaka kutumia kipande cha Gimme! Gimme! Gimme! katika wimbo wake Hung Up, ilimbidi aombe ruhusa kwa watunzi, akapewa, nao wakapata fungu lao.

Ulvaeus amekuwa akieleza kwamba mirabaha ya nyimbo za mwanzo iliwanunulia yeye na Andersson kitu kimoja kikubwa, nacho ni muda. Waliweza kuacha shughuli nyingine na kukaa na kinanda hadi wimbo ukakamilika. Hoja hii ndiyo moyo wa utetezi wake, na ni hoja ya fundi kabla haijawa ya mwanasheria. Mtunzi asiyelipwa haandiki vibaya kwa kuwa hana kipaji. Huandika kwa haraka kwa kuwa ana njaa.

Mwaka 2016, pamoja na watunzi wenzake Max Martin na Niclas Molinder, alianzisha Music Rights Awareness Foundation, taasisi ya kuwaelimisha wanamuziki kuhusu haki zao. Mwaka 2020 akachukua urais wa CISAC kutoka kwa Mfaransa Jean-Michel Jarre. Shirikisho hilo lilianzishwa Paris mwaka 1926, na lina jumuiya wanachama zaidi ya 220 zinazowakilisha watunzi na wasanii zaidi ya milioni 5. Mwaka uliofuata ilizinduliwa kampeni ya Credits Due, ambayo maana yake kwa ufupi ni kwamba kila mwenye kustahili kutajwa atajwe. Kampeni inadai kwamba siku wimbo unapotungwa na kurekodiwa, ziambatanishwe nao taarifa kamili: majina ya waliohusika, kazi aliyoifanya kila mmoja, na namba za utambulisho za watu hao, za utunzi na za rekodi.

Jambo hilo linaonekana kuwa la karani kuliko la msanii, lakini uzito wake unapimika. Mwezi Februari 2021 chombo kipya cha kukusanya mirabaha nchini Marekani, kilichotokana na sheria ya mwaka 2018, kilikabidhiwa na kampuni za muziki wa intaneti takriban dola milioni 424. Fedha hizo zilikuwa mirabaha iliyolimbikizwa kwa miaka kadhaa kwa sababu wenyewe, au wimbo wenyewe, hawakuweza kutambuliwa sawasawa. Nyimbo zilisikilizwa, fedha zikalipwa, na jina la mwenyewe likakosekana kitabuni.

Mwaka huohuo wa 2021, katika ripoti aliyoiagiza kwa kampuni ya utafiti ya MIDiA, Ulvaeus aliunga mkono badiliko jingine. Mtindo uliozoeleka katika huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti ni kuzitia fedha za wateja wote katika chungu kimoja, kisha kuzigawa kwa kufuata idadi ya jumla ya usikilizaji. Kwa mtindo huo, mtu anayesikiliza taarabu peke yake hulipa ada ambayo sehemu yake kubwa huwafikia waimbaji asiowahi kuwasikia. Pendekezo ni kwamba ada ya msikilizaji iwafuate wale aliowasikiliza. Ni pendekezo lenye insafu, na pengine lingewafaa watunzi wa lugha ndogo kuliko lingemfaa aliyelipendekeza.

Pale jina lisipotosha

Hata hivyo, sharti utetezi huu nao uhakikiwe. Ulvaeus anaamini mno katika kitabu cha kumbukumbu, na imani hiyo ni ya mtu aliyebahatika kuandikwa humo tangu mwanzo. Isisahauliwe pia kwamba amewahi kuwekeza katika kampuni iliyotengeneza programu ya kunasa taarifa hizohizo za watunzi. Uwekezaji huo hauharibu hoja yake, ila unamwajibisha msikilizaji kuipima hoja kwa mizani yake yenyewe.

Kisa cha Solomon Linda wa Afrika Kusini kinaionesha hoja hiyo kwa nguvu yake na kwa upungufu wake. Linda alirekodi Mbube mwaka 1939, akaiuza haki kwa shilingi 10. Wimbo ulipovuka bahari na kuimbwa na kundi la The Weavers la Marekani kwa jina la Wimoweh, karatasi za utunzi zilimtaja Paul Campbell, mtu ambaye hakuwahi kuwako. Lilikuwa jina la bandia la wanakundi wenyewe. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara, na warithi wake walipata suluhu mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Ni kweli kwamba jina la uongo lilifungua mlango wa dhuluma. Lakini hata jina la kweli lingeandikwa, mkataba wa shilingi 10 ungebaki palepale, kwa kuwa katika Afrika Kusini ya zama zile mtu mweusi hakuwa na meza ya kukaa na kujadili bei. Jina huonesha njia ya kupita fedha. Kiasi cha fedha huamuliwa na nguvu za wanaoagana.

Upungufu wa pili unatoka upande wa pili. Mwaka 1987 vijana wawili wa Uingereza, ambao baadaye walijulikana kama The KLF, walitumia vipande vya Dancing Queen katika albamu yao bila ya ruhusa. Waliamriwa kuziondoa nakala zote sokoni. Wakasafiri hadi Uswidi kutaka kuwaona ABBA, wasionane nao, na nakala nyingi zikaishia kuchomwa moto shambani. Kisheria hawakuwa na utetezi. Kisanaa, hata hivyo, tukio hilo linauliza swali ambalo kampeni za haki hupenda kulipita mbio: sanaa hujilisha kwa sanaa, na ukuta unaomlinda mtunzi wa jana unaweza kumfungia nje mtunzi wa leo. Madonna alipata ruhusa. Wasio na jina hawakufunguliwa mlango.

Upungufu wa tatu unawagusa watu wa visiwa moja kwa moja. Fomu ya kuandikisha wimbo inataka mwenyewe ajulikane na mafungu yagawike kwa asilimia. Taarabu ya Unguja haikuzaliwa hivyo. Maneno huweza kuwa ya mtu mmoja, lahani ya mwingine, na sauti ya wa tatu. Na lahani yenyewe pengine imeonjeshwa Misri au India kabla ya kufika ukumbini. Hadhira inapoinuka kutunza, noti huenda kwa mwimbaji aliye mbele ya macho. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, mashairi waliyokwenda nayo hayakuwa ya mtu mmoja, lakini jina lililokaa vinywani mwa watu ni la Siti. Na wimbo wa Malaika, uliozunguka dunia nzima kwa Kiswahili, hadi leo haujaisha ubishani wa nani aliutunga. Sheria haikukosekana: Tanzania Bara ilitunga yake mwaka 1999 na Zanzibar mwaka 2003, na kwa sheria hizo vikaundwa vyombo vya COSOTA na COSOZA. Kilichoadimika ni kumbukumbu ya kuilisha sheria, yaani habari za nani alitia nini katika wimbo, zilizoandikwa wakati wahusika wakiwa hai na wakiwa bado wanaelewana.

Kwa hiyo fomu ya Ulvaeus haiwezi kuletwa ilivyo na kubandikwa juu ya taarabu. Inahitaji safu ya lahani iliyoazimwa, safu ya kikundi, na pengine safu ya ngoma isiyo na mwenyewe mmoja. Lakini kuikataa fomu yenyewe kwa sababu haikukatwa kwa kipimo cha visiwani kutawafaa wale tu wanaofaidika na kusahauliwa kwa watunzi.

Mashine na ridhaa

Miaka ya karibuni imeleta mtihani mpya. Akili mnemba inaweza kutunga wimbo kwa kufundishwa na mamilioni ya nyimbo za watu, na katika wimbo huo hakuna jina hata moja lililosalia. Mwezi Oktoba 2024 Ulvaeus alikuwa miongoni mwa maelfu ya wasanii na waandishi waliotia saini tamko la kupinga kazi zao kutumiwa kuifunza mitambo hiyo bila ya idhini. Mwezi Desemba mwaka huo CISAC ikatoa utafiti uliokadiria kwamba kufikia mwaka 2028 asilimia 24 ya mapato ya watunzi wa muziki huenda yakawa hatarini.

Walioshangaa walishangaa mwezi Juni 2025, pale Ulvaeus, akiwa na umri wa miaka 80, alipoeleza mjini London kwamba anatunga tamthilia mpya ya muziki huku akisaidiwa na akili mnemba. Aliisifu kama mshirika anayefungua mawazo pale mtunzi anapokwama, na papo hapo akasema kwamba haiwezi kutunga wimbo mzima ulio mzuri, na kwamba katika maneno ndiko inakovurunda zaidi. Wapo walioona kwamba amejipinga. Kwa kweli msimamo wake haukubadilika. Katika onesho la ABBA Voyage, lililofunguliwa London mwezi Mei 2022, wanaoonekana jukwaani ni vivuli vya kidijitali vya wanakundi hao wakiwa vijana. Lakini wanne wote walikubali, wakavaa mavazi maalumu na kurekodiwa miondoko yao kwa wiki tano. Mashine ilitumika kwa ridhaa ya wenye sura na sauti. Tofauti anayoisimamia ni ileile iliyopo kati ya Madonna aliyebisha hodi na yule anayeingia kwa dirishani.

Kigumu zaidi ni kwamba safari hii jina haliwezi kurudishwa hata kwa fomu iliyo kamili, kwa kuwa mtambo haumeguki ukaonesha ni mshororo gani umetoka kwa nani. Ndiyo maana watunzi wanadai kampuni zitangaze zimetumia kazi zipi, ziombe ruhusa, na zilipe. Dai hilo ni la haki, lakini linahitaji nguvu ya serikali na ya pamoja kuliko ukarani. Na hapo rais wa CISAC amelazimika kuwa mwanasiasa, kazi ambayo kipaji chake cha silabi hakikumwandaa nayo.

Tathmini ya Ulvaeus, basi, inakuwa hivi. Kama mtunzi, ni fundi wa mambo madogo aliyeanza kwa kujazia mizani na akaishia kuandika siku nzima ya mwanamke mpweke bila ya neno la ziada. Kama mtetezi, ni fundi huyohuyo: anajua kwamba haki hupotea katika safu iliyoachwa wazi, katika jina lililokosewa herufi, katika namba isiyoandikwa. Anayoyaona kwa uchache ni yale yanayotangulia kitabu: nani ana kalamu, nani ameitwa mezani, na nyimbo za nani huhesabiwa kuwa mali ya umma kwa sababu tu wenyewe hawakujua kusoma mkataba. Hayo sharti yaonwe na wengine. Katika kumbi za taarabu za Unguja na Pemba bado wapo wazee wanaokumbuka shairi fulani lilitoka katika mkono wa nani kabla halijafika kwa mwimbaji. Kuyaandika majina hayo hakuhitaji shirikisho wala programu. Kunahitaji daftari, na kunahitaji kufanywa wakati wazee hao wapo.